Mnusaji wa Nguo Zilizorudi

Ghala lile lilikuwa na milango miwili. Mlango wa mbele ulipakwa rangi kila mwaka, ukawekewa taa na bango, na hapo ndipo nguo mpya zilipotokea zikiwa zimekunjwa ndani ya karatasi laini, kila moja na lebo yake inaning'inia. Mlango wa nyuma haukuwa na bango wala taa. Huko ndiko nguo zilikorudia. Ukitaka kuijua kampuni usiende mbele, mbele sote tunapendeza. Zunguka nyuma.

Biashara yao ilikuwa ya simu. Mtu anatazama picha, anachagua gauni au suti, pikipiki inamletea hadi mlangoni. Isipomkaa vizuri ana wiki nzima ya kuirudisha, na pesa yake anapewa. Waliotunga sheria hiyo walikuwa watu wa ofisini, wenye roho safi na viti laini. Waliwaza juu ya mtu mwenye kiuno kikubwa kuliko anavyojidhania. Wateja nao wakaisoma sheria ileile, wakaielewa kuliko wenyewe: kumbe kuna mahali unaazimwa suti wiki nzima bure, na hata kufua hufui! Basi Ijumaa mlango wa mbele ulimwaga nguo kama bomba lililopasuka, harusi zikachezwa, marehemu wakazikwa, wachumba wakatambulishwa, na Jumatatu mlango wa nyuma ukapokea nguo zilezile zikiwa hoi, zimekunjwa na mtu asiyejua kukunja, lebo imerudishiwa kwa pini.

Sasa utajuaje kama shati limejaribiwa mbele ya kioo tu, au limecheza mpaka wanamuziki wakafunga vyombo?

Hapo ndipo anapoingia jirani yangu, Bwana Pua. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini lilikwisha kufa kwa kukosa matumizi. Mtaa mzima tulimwita Bwana Pua, na yeye akiitwa hivyo aliinua kidevu kidogo, kama mtu anayepigwa picha.

Zamani alikuwa mbeba mizigo palepale mlango wa nyuma. Kazi ilimla mgongo. Jioni akirudi nyumbani alikuwa anafungua kamba za viatu akiwa amelala, mkewe amemshikia mguu. Siku moja aliteremsha boksi mbele ya bosi wa ghala, akakunja uso, akasema, "Suti iliyomo humu imecheza, imekunywa, na imekaa karibu na mvuta sigara."

Wenzake wakacheka. Bosi akafungua boksi, akanusa, hakuambulia kitu. Kwa utani tu akampigia simu mteja, akamwambia suti yako imecheza, imekunywa, imevuta. Yule mteja akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amewaambia?"

Tangu siku hiyo Bwana Pua hakubeba tena hata mfuko wa sukari. Alipewa koti jeupe, meza, na kiti cha magurudumu kinachozunguka. Nguo ikirudi inaletwa mbele yake. Anaiinua kwa vidole viwili, anafumba macho, anavuta hewa. Akisema "safi", nguo inapigwa pasi, inapata lebo mpya, inarudi mlango wa mbele kuanza maisha. Akisema "imevaliwa", inapakiwa kwenye pikipiki, inarudishwa kwa mwenyewe, na pesa yake anaisahau. Hakuna rufaa. Mahakama zina majaji wengi wa kubishana. Ghala lilikuwa na pua moja.

Cheo kikampanda kichwani. Alianza kuzungumza polepole. Mtu ukimsalimia barabarani alikuwa anavuta hewa kwanza ndipo aitikie, na ukimwacha unajikuta unajinusa kwapa. Nyumbani ndiyo usiseme. Alipiga marufuku marashi, eti yanaharibu chombo cha kazi. Vitunguu vikaangwe yeye akiwa hayupo. Na mtu aliyemchukia kuliko wote, bila kosa lolote, ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, msusi mwenye saluni pale kona. Akija kumtembelea dada yake, Bwana Pua anamwinulia mkono kabla hajafika mlangoni.

"Shemeji, simama hapohapo kwenye upepo."

"Shemeji yangu, mimi ni mgeni au ni moshi?"

"Ni dawa za nywele. Salimia kutoka huko, tunakusikia."

Msusi alikuwa anasimama uani kama mdai, dada yake anamletea maji ya kunywa nje. Mwanamke yule ulimi wake ungeweza kunyoa, lakini kwa heshima ya dada yake alimeza. Akameza mwaka, akameza mwingine.

Kisha Bwana Pua akashikwa na mafua. Mafua ya kawaida, ya kupenga na kulalamika. Yalipoisha alimshukuru Mungu, akakaa jikoni karibu na jiko kusoma gazeti. Mkewe alikuwa amebandika maziwa, akatoka kuanua nguo. Maziwa yakapanda, yakamwagika, yakaungua, moshi ukajaa hadi mimi upande wa pili wa ukuta nikaanza kukohoa. Mkewe akaingia mbio.

"Baba watoto! Husikii maziwa yanaungua?"

Bwana Pua akainua macho kutoka kwenye gazeti. Jikoni kulikuwa na ukungu mweupe. Hakuwa amesikia harufu yoyote, hata chembe. Lakini uso haukuyumba.

"Nilijua zamani," akasema. "Nilikuwa nakusubiri nione kama wewe utajua."

Jumatatu akaenda kazini. Akachukua shati la kwanza, akalifikisha puani, akavuta. Hewa. Akavuta tena. Hewa nyingine. Wabeba mizigo wamesimama wanangoja hukumu, mikono kiunoni. Mbele yake aliliona rundo la maboksi, na nyuma ya maboksi aliuona mgongo wake mwenyewe unayabeba. Wakijua kwamba chombo kimekufa, kiti kitakwenda kwa mwingine, na yeye atarudi kwenye mizigo. Mgongo ule haungemaliza wiki.

"Limecheza," akasema.

"Mbona leo umevuta mara mbili, mzee?" mmoja akauliza.

"Limecheza sehemu mbili."

Wakapiga makofi.

Basi akajitungia utaratibu: moja safi, moja imevaliwa. Ikija suti, safi. Ikifuata sketi, imevaliwa. Na ili mtu asishtuke aliongeza maelezo. Kadiri pua ilivyozidi kufa ndivyo mdomo ulivyofufuka. "Hii imelia msibani, lakini haikumpenda marehemu." "Hii imeposa ikakataliwa." Wabeba mizigo wakawa wanaleta chai yao kando ya meza yake waje wasikilize.

Wewe unangoja nikwambie kwamba wateja walipiga kelele. Walipiga, ndiyo. Lakini wateja walikuwa wanapiga kelele tangu kampuni ifunguliwe, na pale ofisini kulikuwa na binti wa simu mwenye sauti tamu, kazi yake kusema, "Mkaguzi wetu ni mtaalamu wa miaka mingi." Aliyevaa nguo mpaka ikapauka na bado akarudishiwa pesa, huyo hakupiga simu. Asiyevaa kabisa akaambiwa amevaa, alipiga, akasikia habari za mtaalamu, akaanza kujitilia shaka. Nilisikia bwana mmoja alikata simu akamgeukia mkewe. "Hebu niambie ukweli, mke wangu. Sikulivaa lile shati?"

Makao makuu walikuwa na kijana waliyempa cheo cha Meneja wa Marejesho. Wabeba mizigo walimwita Bwana Chati, kwa sababu hakuwa anatembea bila chati. Siku zote mstari wa ghala lile kwenye chati yake ulikuwa unapanda na kushuka kama mlevi anayetafuta nyumba. Wiki zile mstari ukanyooka. Nusu safi, nusu zimevaliwa, wiki baada ya wiki, hata unywele haupiti. Bwana Chati akaja mwenyewe, macho yanang'aa.

"Mzee wangu, hapa kuna uthabiti. Maghala mengine yote yanayumba. Wewe peke yako ndiye thabiti. Umefanyaje?"

"Ni kujituma tu," Bwana Pua akasema, akainamisha kichwa.

"Nimezungumza na Mama Mkurugenzi. Tutakuletea vijana kutoka maghala yote uwafundishe kunusa. Na siku ya kuanza mama mwenyewe atakuja, ukague nguo mbele yake. Zilizovaliwa na zisizovaliwa, tutazichanganya. Wewe utatuonyesha."

Bwana Pua alirudi nyumbani akiwa wa rangi ya majivu. Na kama vile siku haijamtosha, akamkuta shemeji yake msusi amefika kabla yake, ana boksi la viatu kwapani.

"Karibu shemeji," akasema kwa sauti ya mtu anayewaza mbali. "Ingia, ingia, kaa hapa karibu yangu."

Msusi alikuwa ametoka kumnyoosha mtu nywele. Dawa aliyokuwa nayo mikononi ilikuwa inamtoa dada yake machozi. Wale madada wawili wakatazamana.

"Leo sikuja kukaa, shemeji," msusi akasema. "Nimekuja kunusiwa. Nilinunua viatu kwenu, havikuniingia, nikavirudisha siku ileile. Leo pikipiki imeniletea tena. Wameandika hapa juu: vimevaliwa."

"Kama wameandika vimevaliwa, basi vimevaliwa."

"Na nani?"

"Na wewe, shemeji."

"Haya, nivalishe."

Akakaa, akaweka mguu juu ya paja la shemeji yake. Bwana Pua akachukua kiatu, akasukuma. Vidole vikaingia, kisigino kikabaki nje kama mgeni asiyekaribishwa. Akasukuma tena, jasho linamtoka.

"Sukuma, shemeji. Ndio mguu uleule uliovaa."

Mkewe akashika fremu ya mlango kwa kicheko, akawa anateremka nayo polepole hadi chini. Alipopata pumzi akasema, "Baba watoto, sema tu yaishe. Pua ilikufa siku ya maziwa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza! Tangu nimeolewa nyumba hii haijawahi kuwa na amani kama sasa. Nakaanga vitunguu saa niitakayo. Napaka marashi. Juzi nimekupakia hata wewe shingoni ukiwa umelala. Nikwambie ili iweje? Ukatafute dawa?"

Bwana Pua alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Akaweka kiatu chini, akawaeleza yote: moja safi, moja imevaliwa, chati, vijana, Mama Mkurugenzi. "Wakijua nimekwisha wataniweka kwenye mizigo. Nikibeba boksi moja tu, nitaingia hapa ndani kwa miguu minne."

Mkewe akaacha kucheka. Mgongo ule aliujua, yeye ndiye aliyekuwa anaukanda. Akamtazama mdogo wake. "Msaidie shemeji yako."

"Aombe radhi kwanza."

"Shemeji, nisamehe."

"Si mimi. Mimi mtu mzima, nimezoea." Msusi akatoa mkobani kopo la dawa ya nywele, akaliweka mezani. "Hili ndilo ulilolitukana. Linasomesha watoto wangu."

Nyumba ilikuwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo nina uhakika na ninachosema: Bwana Pua, mkaguzi mkuu wa ghala, aliliomba radhi kopo, tena mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza msusi alisema halijasikia.

Basi akafundishwa. Siri yenyewe haikuwa siri, ilikuwa ni kutumia macho kama binadamu wengine. Tazama kola, kuna unywele? Kuna mafuta ya kichwani? Pindua kwapa, tafuta poda. Pindo la gauni lina vumbi? Ingiza kidole mfukoni, watu husahau njiti za meno. Tundu la kifungo likiwa limelegea, kifungo kimetumika. "Na muda wote huo," msusi akasisitiza, "pua iwe mbele, macho nyuma yake. Wasione unatazama. Wakijua unatazama watasema hata wao wana macho."

Siku ikafika. Meza ndefu ikatandikwa, nguo zikapangwa juu yake. Wanafunzi wamejipanga na makoti meupe yaliyowapwaya hadi magotini, wabeba mizigo wamejazana dirishani. Mama Mkurugenzi alikuja na gari jeusi. Lazima niseme habari za marashi yake. Mwanamke yule alikuwa anapaka marashi ya pekee, mazito, matamu, ya kuumiza meno, na alipaka kama mtu anayepiga lipu. Mlinzi wa geti alikuwa anasimama wima kabla gari halijaonekana, upepo ukimpa taarifa. Ofisi nzima waliijua harufu ile, hata paka wa ghala. Mtu mmoja tu pale ndani hakuwa na habari nayo, kwa sababu mama huyo alizoea kuishia mlango wa mbele, na yeye hakuwahi kukutana naye pua yake ikiwa hai.

Bwana Pua akaanza. Shati la kwanza: unywele kwenye kola. "Limevaliwa." Bwana Chati akatazama karatasi yake, akaitikia kwa kichwa. Gauni la pili halina kitu. "Safi." Suruali ya tatu ina njiti mfukoni. "Imevaliwa, na imekula nyama." Makofi. Akaenda hivyo hadi karibu na mwisho wa meza, kila hukumu imenyooka, na kidevu chake kikaanza kupanda tena kama zamani.

Mwisho wa meza palikuwa na gauni la kijani. Hilo halikuwa kwenye karatasi ya Bwana Chati. Lilikuwa limerudi asubuhi ileile pamoja na marejesho mengine, limenunuliwa kwa jina la msichana wa kazi wa nyumba fulani kubwa. Dereva wa gari la marejesho, mtu mwenye utani mbaya, ndiye aliyelichukua getini kwa nyumba hiyo, na ndiye aliyelitupia mezani watu wakiwa wanatazama upande mwingine.

Lilipokunjuliwa, harufu ikasimama kama mtu. Mwanafunzi wa mbele akapiga chafya. Wabeba mizigo waliokuwa nje ya kioo wakatazamana. Watu wote ndani ya chumba walilitazama gauni, wakamtazama Mama Mkurugenzi, kisha wakagundua kwamba dari la ghala lile ni zuri sana. Mama Mkurugenzi alikuwa anasoma simu yake, ameishika juu chini.

Bwana Pua hakuona lolote. Akaangalia kola, hakuna unywele, mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Pindo halina vumbi, mama hakanyagi vumbi. Mfuko hamna. Akajituliza. Akalikusanya gauni zima kwa mikono miwili, akatumbukiza uso wake humo ndani mpaka masikioni, akavuta pumzi ndefu, ndefu, mpaka watu wakaogopa atazimia. Akatoa uso.

"Safi," akasema. "Hili halijagusa mwili wa mtu. Vijana, njooni mnuse hapa mjifunze nguo safi inavyokuwa."

Wakaja mmoja mmoja. Wa kwanza machozi yalimjaa machoni. "Safi, mwalimu." Wa pili: "Safi." Wa tatu alikuwa na nia ya kupanda cheo. "Safi kuliko zote nilizowahi kunusa, mwalimu."

Mama Mkurugenzi akaweka simu mkobani. "Huyu mzee," akamwambia Bwana Chati, "ndiye mtu mwenye pua. Mpeni kiti cha ngozi. Na feni."

Jioni dereva alimkuta getini. "Bwana Pua, nieleze, wewe ni shujaa au ni mwehu? Lile gauni lilikuwa la mama! Lilinuka mpaka mimi ndani ya gari nikafungua vioo vyote."

Bwana Pua akashika nguzo. "Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Ulichofanya kimetosha."

Habari zile zilifika saluni siku ileile, na habari ikifika saluni imefika. Wateja wa msusi walicheka mpaka mmoja akaunguzwa sikio. Kisha mwingine, mwanamke mtulivu ambaye kawaida hasemi, akauliza, "Hayo marashi yanaitwaje?"

Mmoja aliyejua akataja. Na mwenye duka la vipodozi la jirani alikuwa na chupa ndogondogo za kuyaiga, ambazo zilikuwa zimekaa rafuni mwaka mzima bila kuguswa. Zikaisha kabla ya Ijumaa.

Maana wale wanafunzi walirudi kwenye maghala yao wakiwa wamejifunza jambo moja tu, lakini walilijua vizuri: nguo ikinuka hivi, ni safi. Mtu hahitaji kuwa msomi kuona faida yake. Unavaa suti yako harusini, unaicheza, unaimwagia mchuzi, Jumapili jioni unaipulizia pfu pfu, Jumatatu unairudisha. Mwanafunzi ananusa, anakumbuka kiti chake, anasema safi. Kwa Bwana Pua vilevile: kila akiinua nguo aliona wabeba mizigo wanainamisha macho, akaelewa kwamba inanuka marashi yale, akasema safi. Zikaja suti zinanuka Mama Mkurugenzi. Zikaja jezi za mpira. Zikaja viatu vya jeshi. Zikapigwa pasi zikatoka mlango wa mbele kama mpya, na watu wa miji mingine wakafungua maboksi yao wakauliza, huyu mama aliyenitangulia ndani ya suruali yangu ni nani?

Msusi naye alivipulizia viatu vyake, akavirudisha tena. Vikapita.

Mstari wa nguo safi kwenye chati ya Bwana Chati ukaanza kupanda. Mwanzoni alisema ubora wa nguo umeongezeka. Ulipopita ukingo wa karatasi akaongeza karatasi. Alipokosa ukuta wa kubandika, Mama Mkurugenzi akaja mwenyewe, safari hii kwa mlango wa nyuma.

Alisimama kizingitini. Miaka yote marashi yale yalikuwa yanamtangulia kila aendako, siku hiyo yalitoka kumpokea. Akaingia katikati ya rafu, akachukua suruali ya mwanamume yenye tope gotini, akainusa. Kusema zimevaliwa, ni lazima aseme amejuaje. Kusema zinanuka, ni lazima aseme zinanuka nini.

"Nani amepitisha hizi?"

Bwana Pua akasimama kutoka kwenye kiti cha ngozi. "Mimi, mama."

"Unanusa nini humu?"

"Sinusi kitu, mama."

Tangu siku ya maziwa hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kuhusu pua yake ndani ya ghala, na ndilo lililomwokoa. Mama Mkurugenzi alimtazama kwa muda mrefu, akijaribu kupima kama mzee huyu anamtunzia siri au anamnunulia kamba ya kumnyongea. Akashindwa.

"Kazi nzuri," akasema, akatoka.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa: bidhaa ikishanunuliwa hairudishwi. Mlango wa nyuma ukapigwa kufuli. Wanafunzi wakavuliwa makoti, wakapelekwa kubeba maboksi mlango wa mbele. Bwana Chati alipelekwa kusoma zaidi. Na wale waliokuwa wanarudisha nguo kwa haki, wenye mikono mirefu kuliko shati, wenye zipu iliyokuja imevunjika, wakabaki nazo. Wajanja walikwisha kuvaa na kucheza. Gharama ya shangwe yao wakalipa wasiokwenda harusini.

Bwana Pua peke yake hawakumgusa. Kumfukuza waliogopa atazungumza, kumpa kazi nyingine hawakujua anaweza nini. Wakamwacha palepale, kwenye mlango uliofungwa, na koti lake, kiti cha ngozi na feni, ili wanaokuja kubisha awaambie hakuna marejesho. Mgongo wake haujambo kabisa. Mkewe anamwandalia chai ya kwenda nayo, na msusi anaingia hadi sebuleni.

Juzi nilipita huko kumsalimia, nikamkuta na mama mmoja aliyekuja na sweta. Kiwandani walisahau kulitoboa shingo. Mikono ipo, kiuno kipo, juu pameshonwa pamoja kabisa.

Bwana Pua akalipokea kwa vidole viwili, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Halijavaliwa," akasema.

"Nitalivaaje, kaka yangu? Kichwa kitapita wapi?"

"Ndiyo nasema. Halijavaliwa."

"Basi lipokee."

"Hatupokei, mama."

"Kama hampokei, ulikuwa unanusa nini?"

Bwana Pua akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Mama," akasema, "mimi ndiye mnusaji."